Nabii Yeremia na Ahadi ya Miaka Sabini

Katika nyumba nyingi za Wakristu hukutwa neno moja la nabii Yeremia. Wengine wameliandika ukutani, wengine wamelishona katika kitambaa cha meza, hata motokaa za kuchukua watu zimeandikwa neno hilo juu ya kioo. Ndilo neno lile ambamo Mwenyezi Mungu anawajulisha watu wake ya kuwa anayowawazia ni mema wala si mabaya, na ya kuwa tumaini lao halitakuwa la bure. Ni neno jema, na wanaolipenda hawakosi. Lakini yampasa mkatekumeni ajue limetoka wapi. Neno hilo ni kipande cha barua, na maneno yanayolitangulia katika barua ile hayashonwi na mtu katika kitambaa chochote. Maneno hayo yanataja miaka sabini.

Barua yenyewe husomwa katika sura ya 29 ya kitabu cha Yeremia. Mwaka 597 kabla ya Kristu, Nabukodonozori, mfalme wa Babeli, aliuzingira mji wa Yerusalemu, nao ukajitoa mikononi mwake. Hakuubomoa mara ile. Alimchukua mfalme kijana Yekonia pamoja na mama yake, wakubwa wa nchi, mafundi na wahunzi, na vyombo vya thamani vya Hekalu, akawapeleka wote Babeli. Njia ile ni ndefu mno: kuhani Ezra, alipoifuata siku za baadaye kwa kurudi, alitumia miezi minne. Maskini wa nchi wakaachwa, na Sedekia akawekwa awe mfalme juu yao. Nabukodonozori alijua kazi yake, kwa maana taifa lisilo na mhunzi halina jembe wala mkuki.

Hao waliohamishwa walifika katika nchi tambarare yenye mito na mifereji, ambako lugha ilikuwa nyingine na miungu ilikuwa mingi. Shida yao haikuwa ya chakula na malazi tu. Karibu watu wote wa zamani zile waliamini ya kuwa kila mungu ana nchi yake, kama vile mwenye shamba alivyo na mipaka yake. Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma kwa neno la nabii Elisha, aliomba kuchukua udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, apate mahali pa kumwabudia Mungu wa Israeli nyumbani kwake. Naamani hakufanya dhihaka. Ndivyo watu walivyofikiri. Basi waliohamishwa Babeli hawakuwa na udongo wa nchi yao, wala Hekalu, wala sadaka. Wengi waliona ya kuwa pamoja na nchi wamempoteza na Mungu mwenyewe. Kwa sababu hiyo waliketi juu ya mizigo yao wakingoja, kama wasafiri walioshikwa na mvua chini ya mti.

Wakati huo huo kule Yerusalemu alitokea mtu mwenye habari njema. Katika mwaka wa nne wa Sedekia, mwezi wa tano, nabii mmoja aitwaye Hanania, mtu wa Gibeoni, alisimama katika Hekalu mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza ya kuwa Bwana ameivunja nira ya Babeli: baada ya miaka miwili Yekonia atarudi, vyombo vitarudi, na waliohamishwa wote watarudi. Yeremia alikuwapo. Siku zile alikuwa akitembea na nira ya mti shingoni, kuwa alama ya utumishi uliowapata watu. Hanania akaitwaa nira ile shingoni mwake akaivunja mbele ya macho ya wote.

Hapa yafaa kutazama sana namna Yeremia alivyojibu. Hakumtukana Hanania. Alisema Amina, akiomba Bwana afanye hivyo hivyo. Naye hakusema kwa unafiki, kwa maana alitamani kuwaona ndugu zake wakirudi kuliko Hanania alivyotamani. Aliongeza neno moja tu: nabii anayetabiri amani atatambulikana siku ile neno lake litakapotimia. Na nira ilipokwisha kuvunjwa, Yeremia alikwenda zake bila kushindana. Baadaye tu Mungu alimtuma arudi kusema ya kuwa nira ya mti imevunjwa, lakini mahali pake itawekwa nira ya chuma. Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Miaka miwili ikapita, wala hakurudi mtu.

Maandiko yanasema wazi ya kuwa Hanania aliwatumainisha watu uongo. Hayasemi ya kuwa alihongwa, wala ya kuwa aliwachukia watu wake. Huenda aliwapenda. Huenda aliona machozi ya mama ambao wana wao walikuwa Babeli, moyo wake ukashindwa kuyastahimili. Ndiyo maana habari yake inamhusu kila mtu mwema, na swali lake ni gumu: je, ni upendo kumpa mtu tumaini ambalo Mungu hakulitoa?

Watu wengi, wakiulizwa hivyo, watajibu ya kuwa tumaini halimdhuru mtu. Lakini watazame yanayotokea vijijini. Mtu ni mgonjwa sana, miguu imevimba, pumzi ni fupi. Wanaomtembelea wanamwambia kila siku, Utapona, kesho utakwenda shambani. Basi yeye hawaiti wanawe, hasemi ana deni kwa nani, hapatani na ndugu yake waliyekosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, hamwombi Padri ampake mafuta matakatifu. Kesho inafika naye amekwisha kufa, na mambo yake yote yamebaki kama uzi uliofungamana. Wageni wale walimfariji nani? Wakijichunguza vema wataona ya kuwa walijifariji wenyewe, kwa maana ni vigumu kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa pasipo kuwa na neno zuri la kusema.

Tena liko jambo baya zaidi. Wako wahubiri wanaomwahidi mwanamke asiyezaa ya kuwa kabla ya mwaka kwisha atampakata mtoto. Mwaka ukiisha naye hana mtoto, hawakubali ya kuwa Mungu hakuwatuma. Humwambia ya kuwa imani yake ni ndogo. Hivyo mwanamke aliyekuwa na mzigo mmoja sasa ana miwili, na ule wa pili amepewa na mtu aliyesema anamtua mzigo.

Yeye atumainiye miaka miwili tu hapandi kitu cha kudumu. Chakula kikubwa cha Babeli kilikuwa shayiri na tende, na mtende hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Mkulima hungoja miaka minne, mitano, hata zaidi. Ni kama mchikichi: anayejua atahama baada ya mavuno mawili hapandi mchikichi, atapanda mahindi na maharagwe basi. Mtu akimsadiki Hanania hataipanda bustani, hatajenga nyumba ya kudumu, hatamwoza binti yake. Na miaka miwili ikipita ataongezewa miaka miwili mingine, hata siku zake zote zimekwisha juu ya mizigo isiyofunguliwa.

Barua ya Yeremia ilipelekwa na watu wawili, Elasa na Gemaria, waliotumwa na Sedekia kwa Nabukodonozori. Maagizo yake ni ya kazi za kila siku. Wajenge nyumba wakae. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, wazae, wawaoze wana wao na binti zao, wasipungue. Wasiwasikilize manabii na waaguzi wanaowaotea ndoto za kupendeza. Wautakie amani mji ule ambamo wamehamishwa, na kuuombea kwa Bwana, kwa maana katika amani ya mji ule wao pia watapata amani. Na miaka sabini ikitimia Babeli, Bwana atawajilia na kuwarudisha.

Mtu wa miaka thelathini aliposikia barua ile ikisomwa, alifanya hesabu. Aliona ya kuwa siku ya kurudi yeye atakuwa na miaka mia, yaani hatakuwapo. Zaburi moja hutaja miaka sabini kuwa ndiyo kipimo cha maisha ya binadamu. Basi kusema miaka sabini kulikuwa ni kusema, Maisha yenu yote. Si ajabu wengine walikasirika. Mmoja wao, Shemaya, aliandika toka Babeli kwa kuhani Zefania kuuliza kwa nini mwendawazimu huyu wa Anatoti hakufungwa kwa mkatale na kola ya chuma. Zefania alimsomea Yeremia barua ile. Hasira ya Shemaya yaeleweka. Hanania alikuwa amemwahidi kurudi, na Yeremia anamwahidi mazishi katika nchi ya ugeni.

Hapa ndipo lilipo swali lenyewe. Ahadi ambayo mtu hataiona kwa macho yake, ni ahadi kwake?

Wazee wa vijijini wanalo jibu, nalo si dogo. Mzee wa miaka sabini hupanda mchikichi huku akijua ya kuwa mawese yake yataliwa na wajukuu. Hafikiri ya kuwa amenyang'anywa kitu. Yeye naye alikula mawese ya miti asiyoipanda. Waliohamishwa nao walikuwa ukoo, si mtu mmoja mmoja aliyetupwa peke yake, na furaha ya wajukuu ilikuwa furaha yao. Ni kweli. Lakini jibu hilo halitoshi. Mtu si samadi ya wajukuu wake. Mungu aliyemwumba kila mmoja kwa jina lake hangewaambia watu wa kizazi kizima ya kuwa faida yao ni kuzaa wengine tu.

Jibu lingine limo katika barua yenyewe, baada ya yale maneno yanayoandikwa ukutani, na ni ajabu ya kuwa halisomwi sana. Bwana anawaambia ya kuwa watamwita, watamwomba, naye atawasikia; watamtafuta, nao watamwona, wakimtafuta kwa moyo wote. Mahali hapakutajwa. Hakusema wangoje mpaka wafike Yerusalemu ndipo awasikie. Tena alikuwa amekwisha kuwaagiza wauombee mji wa Babeli, na asiyesikiliza haagizi aombwe. Kumbe asikiliza pale pale, kando ya mifereji, bila Hekalu, bila sadaka, bila mzigo wa udongo juu ya nyumbu. Ndipo hesabu ya yule mtu wa miaka thelathini inapogeuka. Kurudi ni kwa wajukuu wake, lakini Mungu ni wake tangu siku ile barua iliposomwa. Miaka sabini ni muda wa kungoja nchi. Hakuna hata siku moja ya kumngoja Mungu.

Nabii Ezekieli, aliyekuwa kati ya waliohamishwa pamoja na Yekonia, alioneshwa jambo lile lile kwa namna nyingine. Karibu na mfereji wa Kebari aliona kiti cha enzi cha Bwana, na chini yake yako magurudumu. Watu wanaosoma maono yale hustaajabia viumbe vyenye nyuso nne na kuyasahau magurudumu, nayo ndiyo habari kubwa kwa mtu aliyehamishwa.

Agizo la kuuombea mji wa Babeli lilikuwa gumu kuliko kujenga na kupanda. Askari wa mji ule ndio waliouzingira mji wao. Iko Zaburi ya waliohamishwa ambamo hasira yao juu ya Babeli inasemwa bila kufichwa, hata wasomaji wengi hutetemeka. Nayo ni sala, imewekwa katika Maandiko Matakatifu. Mungu hakuwafunga kinywa watu wake wasilie. Lakini barua ya Yeremia inawaomba zaidi ya kulia. Na mtu asidhani ya kuwa kuuombea mji ni kuyasifu maovu yake. Yeremia huyo huyo, katika mwaka wa nne wa Sedekia, alimpa Seraya chuo chenye hukumu zote zitakazoupata mji wa Babeli. Seraya aliagizwa akisome akifika kule, kisha akifunge kwa jiwe na kukitupa katikati ya mto Eufrate, kuwa ishara ya mji utakaozama. Mkono mmoja uliandika mwombeeni, na mkono ule ule ukaandika hukumu. Anayewaombea wenye nguvu huwaombea waache uovu, kwa faida ya wote wanaokunywa maji ya mji mmoja nao.

Kwa hiyo wenye nguvu wasiichukue barua hii kuwaambia wanyonge watulie. Haikuandikwa na mtu aliyeshiba. Yeremia alikuwa amekwisha kupigwa na kufungwa kwa mkatale na kuhani Pashuri. Na baadaye wakubwa wa Yerusalemu walimtumbukiza katika kisima chenye matope afie humo. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, aliyemteremshia matambara ayatie chini ya makwapa kamba zisimchubue. (Mfalme na wakubwa wote hawakufikiri matambara, mgeni huyo Mwafrika aliyafikiri.) Neno la subira lina haki ya kusemwa na mtu aliyeketi matopeni pamoja na anayemwambia.

Katika Kongo ya mashariki, tangu vita vya mwaka 1996, watu wengi sana wa Kivu na wa Ituri wamekimbia vijiji vyao, wengine mara mbili, mara tatu. Wanajua kuketi juu ya mizigo. Wanajua pia manabii wa miaka miwili, na wa miezi miwili. Yeremia hawaambii ya kuwa ni vema walivyofukuzwa, wala ya kuwa wasitamani kurudi. Alichowaandikia watu wa Babeli kilikuwa ahadi ya kurudi. Lakini anayelima kipande cha ardhi alichoazimwa, akampeleka mtoto shule katika mji wasiojua jina la babu yake, akamsaidia jirani wa kabila jingine kuezeka nyumba, huyo hakuisahau nchi yake.

Je, watu wa Babeli waliitii barua? Udongo wenyewe umeleta ushuhuda. Mwaka 1939 vilitangazwa vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli, vyenye hesabu za mafuta aliyogawiwa Yekonia, mfalme wa Yuda, na wanawe. Na mwaka 2014 vilitangazwa vibao vingine, zaidi ya mia, vingi vya kijiji kimoja cha nchi ile kilichoitwa Mji wa Yuda. Cha kale kati ya hivyo ni cha mwaka 572 kabla ya Kristu. Ni karatasi za serikali tu, kwa kusema hivyo: shayiri ya kodi, tende za deni, mashamba yaliyokodishwa. Hakuna sala ndani yake. Lakini majina yamo, majina ya baba, ya mwana, ya mjukuu, na mengi yamebeba ndani yake jina la Mungu wa Israeli. Katika nchi ya miungu mingi, mbele ya karani wa mfalme, mkulima wa tende alitajwa kwa jina lililomkiri Mungu mmoja, naye alimpa mwanawe jina la namna ile ile. Walipanda, na waliomba.

Mkatekumeni naye ni mtu wa kungoja. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza mapadri wake wampe mtu mzima mafundisho ya miaka minne kabla ya Ubatizo, isipokuwa katika hatari ya kufa. Wengi waliona ni muda mrefu, na leo pia wako wanaolalamika wakihesabu miezi. Wengine hufikiri ya kuwa kabla ya maji kumwagwa juu ya kichwa sala zao hazifiki popote, kwa hiyo huahirisha kila kitu: kusali nyumbani, kumsamehe jirani, kuacha hirizi, vyote vitaanza baada ya Ubatizo. Hao wameketi juu ya mizigo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, umefundisha ya kuwa wakatekumeni wanaotaka kwa moyo kuingia katika Kanisa wamekwisha kuunganika nalo kwa utashi huo, na Kanisa, kama mama, huwakumbatia kwa upendo kuwa ni watu wake. Ubatizo hungojwa, na ni lazima kuungoja kwa hamu kubwa. Lakini Mungu hamngoji mkatekumeni mlangoni mwa kanisa akiwa amenyamaza miaka minne.

Kitabu cha Danieli kinasimulia ya kuwa Danieli, akiwa mzee huko Babeli, aliyasoma maneno ya Yeremia akafahamu hesabu ya miaka. Hakuketi kungoja tarehe. Alivaa gunia, akafunga, akaanza kusali na kuziungama dhambi za taifa lake. Mwaka 539 Koreshi mfalme wa Uajemi aliutwaa Babeli, na mwaka uliofuata aliwapa ruhusa wenye kutaka warudi kulijenga Hekalu. Wataalamu huihesabu miaka sabini kwa namna mbalimbali. Wengine huanzia ushindi wa Nabukodonozori mwaka 605, wengine hupima tangu Hekalu lilipochomwa, karibu na mwaka 587, hata lilipokwisha kujengwa upya mwaka 515.

Wengi walibaki Babeli, kwa kuwa palikuwa pamekuwa kwao. Waliorudi walikuta mawe na magugu. Siku walipouweka msingi wa Hekalu, wazee wengi waliowahi kuliona lile la kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine walipiga kelele za furaha, hata watu waliosikia toka mbali hawakuweza kupambanua kilio na shangwe. Walioshangilia wengi wao walikuwa vijana. Yerusalemu walikuwa wameusikia kwa masimulizi tu. Walizaliwa Babeli, katika nyumba ambazo Yeremia aliwaandikia babu zao wazijenge.